Mswaki wa Zamu

Nilipokuwa dresa wa meno Mtwara, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nilipenda kuhubiri kuliko kung'oa. Mgonjwa akishatema damu kwenye beseni, nilimkalisha benchini na wenzake nikawasomesha: usiku kabla ya kulala, asubuhi kabla ya chai, na mswaki mmoja ni wa kinywa kimoja. Miswaki yenyewe ilikuwa haba, nami niliigawa kwa uchoyo.

Mkulima mmoja wa korosho kutoka Likombe nilimpa mwekundu. Wiki haijaisha, mke wake mdogo akaja amefura kwa hasira.

"Bwana dresa, mswaki unakaa kwa mke mkubwa. Zamu yangu ikifika, mume ananiletea mdomo wa jana. Mimi si mke?"

Nikamwita mume. Nilipomwambia atembee na mswaki wake, alikuja juu.

"Nipite njiani na mswaki mkononi, watu wote wajue leo nalala kwa nani?"

"Mswaki hulala alipolala mwenyewe," nikamkatia. Ujana ulikuwa ukiniwasha. "Ndiyo sheria."

Akakubali, akawa anauficha ndani ya kofia. Panya walipoutafuna mpini, mke mdogo aliuzungushia uzi wa kijani, akaja kunionyesha kwa furaha. Nilijiona kadhi. Hata siku za Alhamisi, mume alipokwenda Msimbati kufuata samaki na kulala huko, aliuchukua mswaki wake, nami nikamsifu mbele ya benchi zima.

Miezi ikapita, mke mdogo akarudi na jino lake mwenyewe linamuuma. Pembeni yake benchini alikaa mwanamke mgeni, ufizi unamtoka damu. Nikaanza somo kwa swali langu la siku zote: nyumbani una mswaki?

"Wangu sina," mgeni akasema. "Mume wangu anao. Kila Alhamisi anakuja nao kwangu Msimbati. Mwekundu, una uzi wa kijani."

Niliona haya, nikamwonea huruma mke mdogo. Uzi ule aliufunga yeye, na safari zile nilizisifu mimi.

Hakulia. Alisimama, kashika shavu.

"Bwana dresa, jino langu liache kwanza. Kesho nakuletea mume wetu. Umng'oe meno yote, mswaki upumzike."