Mgeni Aliyerudi na Njaa

Patro wangu, yaani mkubwa wangu wa kazi, Mzungu mwenye roho safi na masikio mazito, alijifunza mila za Kichina wiki nzima mbele ya kompyuta. Kampuni yetu inauza na kutengeneza pampu za kuvuta maji migodini. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wametuambia wazi: tukikosa kazi ya mgodi wa Wachina kule Kambove, biro, ofisi yetu ya Lubumbashi, inafungwa. Ikifungwa, mimi, sekretari na mkalimani, narudi nyumbani mtaani Hewa Bora kuuza mandazi barazani, na watoto wangu wanakaa nami badala ya kwenda shule. Kwa hiyo nikimcheka patro, msidhani nilikuwa nacheka bure. Nilikuwa nacheka huku nahesabu ada ya shule.

Mwalimu wake alikuwa mama mmoja wa hukohuko Ulaya, tukimwona kwenye kioo cha kompyuta. Alitufundisha hivi: kadi yenye jina lako inatolewa kwa mikono miwili. Saa usimpe Mchina zawadi. Vitu vinne vinne, usithubutu. Mgeni akae akitazama mlango. Kofia ya kijani, hapana kabisa, kwao ni kumwambia mtu kwamba mkewe ana hawara! Hapo patro akashtuka, kwa sababu zawadi aliyonunua ilikuwa sanduku dogo la malakiti, lile jiwe letu la kijani. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama sanduku nalo linahesabiwa kofia.

"Labda akilivaa, patro," nikamjibu.

Tukafanya mazoezi. Shofere wetu wa gari, baba mwenye kitambi kutoka komini ya Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ndiye aliyekuwa Mchina. Alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, akapokea kadi, akainamiwa na patro, na utamu wa ukubwa ukamwingia. "Mama," akaniambia, "leta chai. Mukubwa wa Kambove iko na kiu." Nilitaka kumrushia kitambaa cha meza.

Siku yenyewe ikafika. Mgeni wetu, mkubwa wa ule mgodi wa Wachina, aliingia, mtu wa makamo, shati la mikono mifupi, viatu vina vumbi jekundu la mgodini. Patro akainama, akamsalimia kwa Kichina alichokikariri. Mgeni akamtazama kwa huruma, akajibu, "Yambo, yambo sana. Habari ya nyumba?" Kumbe ana miaka mingi Katanga, na Kiswahili alikiokota sokoni na mgodini; Kifaransa ndicho kilichompiga chenga. Kadi yake aliichomoa mfukoni kwa mkono mmoja, imekunjika pembe. Patro akaipokea kwa mikono miwili kama anapewa mtoto mchanga.

Kisha akamtolea lile sanduku.

"Hapana, hapana," mgeni akasema, akirudisha mikono nyuma. "Iko mingi sana. Mulijisumbua bule."

Nikatafsiri. Na patro, Mungu amsamehe, akasema anauheshimu sana uamuzi wa mgeni, akalichukua sanduku, akalitia kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Mama yangu! Kwetu mama mkwe akija akasema ameshiba, nani anaondoa sahani? Yeye anakataa kwa adabu, na wewe unampakulia kwa adabu, mnavutana kidogo, halafu anakula vizuri. Na huyu naye alikuwa anangoja kuvutwa, nilimwona. Nikamkonyeza patro. Akadhani nimeingiwa na kitu jichoni, akanipa leso.

Mambo yakaendelea hivyohivyo. Chai? Hapana, aksanti. Haya, birika likarudi jikoni. Chakula kikaja, mgeni akachota kijiko kimoja. Aongezwe? Nimeshiba. Sahani ikaondolewa. Nilijaribu kumsogezea bakuli la kuku, patro akanikazia macho, maana mwalimu alisema Mchina halazimishwi. Mgeni akalitazama kabati, akalitazama bakuli likienda zake, akasimama.

"Tutaangalia hii maneno yenu," akasema mlangoni. "Tutaona."

Alipoondoka tu, patro akapiga makofi. "Umesikia? Wataangalia!"

Nilishika kichwa. "Patro, hiyo ni hapana."

"Hakusema hapana."

"Nani anasema hapana usoni mwa mtu? Fundi redio alipomposa dada yangu, baba alimwambia tutaona. Mpaka leo fundi anangoja!"

Akakunja uso. Mwalimu hakufundisha hivyo, akasema. Hapo hasira zikanipanda, nikasahau kabisa kwamba yeye ndiye mkubwa wangu. "Umemkaribisha mtu kwako, umemnyang'anya zawadi, umemrudisha kwao na njaa! Wewe ungempa kazi mtu wa namna hiyo?"

Akafungua kabati, akalitoa sanduku, akauliza tufanye nini sasa, na sauti yake ilinitia huruma, maana naye aliipenda Lubumbashi na hakutaka kurudi kwenye baridi yao.

Kesho yake tulikwenda Kambove, mimi na sufuria ya kuku mapajani, yeye na sanduku lake. Njiani nilimpa somo. Mtu akikataa, mpe tena. Akikataa tena, mbembeleze. Na wewe ukipewa kitu, usikidake kama hujaona kitu maishani. Kataa kwanza, kwa adabu. Patro aliyarudia maneno hayo njia nzima, midomo ikicheza.

Mgeni wetu wa jana alitupokea katika biro yake, ameshangaa. Sanduku likawekwa mezani. Akalisukuma. Patro akalisukuma pia, jasho linamtoka. Likaenda, likarudi, likaenda, mpaka mgeni mwenyewe akacheka, akalivuta kwake na kulipapasa kwa viganja. Kisha akafunua sufuria.

"Jana nilirudia na njaa," akaniambia, mdomo umejaa kuku.

"Tunajua, baba. Pole sana."

Akafuta vidole, akatoa mkataba kwenye mtoto wa meza. "Kazi ya mapampu ni yenu," akasema.

Nikatafsiri upesi. Patro akanyoosha mgongo, akaweka mkono kifuani. "Hapana, hapana," akasema kwa Kifaransa chake safi. "Ni kubwa mno kwetu." Kisha akanitazama kwa furaha, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

Niliwaona watoto wangu na sare zao.

"Anasema nini?" mgeni akaniuliza.

"Anasema aksanti sana. Tunaanza Jumatatu."

Akatafuna polepole. "Mama, miye Kifaransa najua kidogo tu. Lakini ile hapana yao naijua."

Nikajifanya nasogeza sufuria. Machozi yalikuwa yamefika. Akaweka mfupa chini, akamsukumia patro kalamu. Patro, na adabu zake zote mpya, akaisukuma kurudi.

"Mwambie," mgeni akasema, akiisukuma tena, "miye namubembeleza."

Nikamkanyaga patro mguu kwa nguvu zangu zote, akashika kalamu.