Baba Alipojitafuta Kwenye Katiba

Baba alijitafuta kwenye Katiba kipindi kizima cha mvua na hakujiona. Alikuwa balozi wa nyumba kumi kwetu Mshangano tangu mimi sijaota meno ya pili, na alikuwa amesuluhisha kila kitu ambacho binadamu wanaweza kugombania: mbuzi aliyekula maharage ya watu, mume aliyerudi na pombe ya komoni kichwani, mpaka wa shamba uliohama wenyewe kama una miguu. Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Msamala, nikisoma sheria kwa njia ya posta, na somo langu la kwanza lilikuwa misingi ya sheria ya umma: dola ni nini, madaraka yanatoka wapi, nani ana haki ya kumwamuru nani. Baba aliposikia hivyo alicheka.

"Hayo si ndiyo nimeyafanya maisha yangu yote? Njoo nikufundishe, mama."

Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Wengine wakipewa jina la bibi hupata na upole wake, mimi nilipata jina peke yake.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza na vilinitoa jasho. Jumamosi mchana, nikishamaliza kusahihisha madaftari, nilikaa na baba barazani. Yeye alichonga mipini ya majembe, mimi nikasoma na kumfasiria. Katiba yenyewe nilikuwa nayo ya Kiswahili, nakala ya fotokopi niliyoazimwa mjini, kurasa nyingine zimefifia mpaka lazima uziinamishe kwenye mwanga. Nikamweleza mihimili mitatu ya dola. Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inaamua. Akasikiliza huku kisu kinakwenda, kisha kisu kikasimama.

"Na Chama?"

"Chama si mhimili, baba."

"Chama kimeshika hatamu."

"Kilishika. Sasa vyama ni vingi. Hakuna chenye hatamu."

"Na balozi?"

"Balozi ni wa chama."

"Sasa yuko kifungu gani?"

Nilifungua kwa adabu ingawa jibu nililijua. Sura ya Serikali, hayumo. Sura ya Mahakama, hayumo. Tukapitia mpaka madaraka ya umma, mkoa, wilaya, na kote huko nilikuwa nikisoma kwa sauti inayozidi kushuka. Baba alisema labda wamesahau, au labda yuko kwenye zile kurasa zilizofifia, tuendelee Jumamosi nyingine. Na Jumamosi nyingine tukaendelea.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaondoka bila kuaga. Mbolea ya ruzuku iliondoka, duka la ushirika lilifungwa na mlango wake ukaegemezewa marobota ya mitumba, na watu ambao jana tuliambiwa ni wanyonyaji leo walipewa viti vya mbele kwenye sherehe. Baba aliyavumilia yote hayo. Alikuwa mtu wa kusema "ndiyo wakati wenyewe" na kuendelea kula. Kutokuwemo kwenye Katiba ndiko kulikomwingia. Nilimwona akipungua pale barazani, na nilikasirika, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani niliwakasirikia wanafunzi wangu wa darasa la tano ambao hawakuwa na kosa lolote.

Kuna somo moja alilipenda. Ni ile kanuni kwamba mtu asiwe mwamuzi katika shauri linalomhusu mwenyewe, wala linalomhusu ndugu yake. Alinitaka niirudie. "Hiyo ni sheria ya kweli," alisema. "Hata sisi tuliishika. Kesi ya ndugu yako unampa balozi wa jirani." Tangu siku hiyo akawa anaitaja hata kwa wageni, anasema imo kwenye vitabu vya binti yake.

Basi ndipo ikaja kesi ya shangazi.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba, mjane, na alilima kipande cha shamba ng'ambo ya kijito. Kipande hicho ndicho kilichomlisha yeye na watoto wake tangu mumewe alipofariki. Jirani yake mmoja, mzee aliyehamishiwa Mshangano wakati wa vijiji vya ujamaa, alimuuzia kipande hicho mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kuweka mashine ya kusaga. Shangazi alipouliza, yule mzee alisema shamba ni lake tangu zamani, alikuwa amemwazima tu mama wa watu kwa huruma. Na kwetu shamba la kuazimwa ni la kuazimwa, hata ungelilima mpaka mvi zikuote. Shangazi akapeleka shauri mahakama ya mwanzo, na kila kitu kilikaa juu ya swali moja: nani alimpa shangazi shamba lile? Shahidi aliyebaki hai alikuwa baba.

Ukweli wake kila mtu wa ukoo aliujua. Lilikuwa shamba la babu. Babu alifyeka msitu pale kabla ya mimi kuzaliwa, kabla ya vijiji, kabla ya ubalozi. Watu walipohamishwa mashamba yakachanganywa, na shangazi aliporudi nyumbani na ujane wake, baba alichukua kamba akampimia kipande kilekile alichokuwa akilima baba yao. Sheria niliyokuwa nikiisoma ilikuwa wazi: ardhi ya ukoo, iliyorithiwa kwa mila, inatambulika. Balozi wa nyumba kumi hakuwa na mamlaka ya kugawa hata kitanda cha mchicha.

Siku moja kabla ya shauri kusikilizwa nilikwenda kumwambia. Nilipofika alikuwa anapiga pasi koti lake la kanisani.

"Baba, kesho ukiulizwa, sema lilikuwa shamba la babu. Ulimpa dada yako urithi wa baba yenu. Usilete habari za ubalozi kabisa."

Akaweka pasi pembeni.

"Unataka nikasimame mbele ya watu niseme nilipokuwa kiongozi niligawa ardhi kwa undugu?"

"Lakini lilikuwa lenu!"

"Wakati ule hakukuwa na lenu wala letu, mama. Kiongozi aliyempa ndugu yake alisimamishwa mkutanoni akavuliwa uongozi, watoto wake wanamtazama. Mimi sikumpa dada. Nilimpa mjane mwenye watoto, kama ambavyo ningempa mjane yeyote." Kisha akanikumbusha kwa upole, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu chake: "Na wewe mwenyewe umenisomea. Mtu asiamue la ndugu yake."

Nilimweleza kwamba kanuni ile ni ya mahakama, si ya urithi. Nilimweleza kwa Kiswahili na kwa Kingoni changu cha kuokoteza, nikapandisha sauti mpaka mama akachungulia kutoka jikoni. Baba alirudisha pasi kwenye makaa. Alisema hajawahi kusema uongo akiwa na koti lile na hataanza kesho.

Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi kama ya darasa langu. Hakimu alikuwa kijana, mstaarabu, na wazee wawili wa baraza walikaa kushoto na kulia kwake. Baba aliapa kwa Biblia. Alitoa ushahidi wake vizuri, amenyooka, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia kusuluhisha watu: mwaka wa njaa, mjane, watoto, kamba, hatua, mashahidi waliokwisha kufa. Hakimu alikuwa akiandika yote kwa mkono.

"Mzee, ulimgawia kwa mamlaka gani?"

"Kwa mamlaka ya Chama."

"Chama kipi?"

Nataka niwe mkweli: hakimu hakumdhihaki. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja neno la kuandika. Lakini nyuma yangu mtu alicheka, kisha benchi zima likacheka, hata wale waliokuja kwa kesi zao nyingine. Baba aligeuka akanitafuta kwa macho. Alinitazama kama mtoto aliyeitwa ubaoni na jibu limemtoka. Mimi mwalimu, msomi wa sheria, nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, kwa maana aliyekaa benchi la watazamaji haruhusiwi kutamka.

"Kile," alisema baba. "Kile kilichokuwapo."

Hakimu alinyamazisha watu. Akaandika. Kisha akamgeukia shangazi, akamuuliza kama ana jambo la kuongeza, au la kusahihisha katika maneno ya shahidi wake. Huo ndio ulikuwa mlango, umeachwa wazi. Shangazi aliijua historia ya shamba kuliko baba, alizaliwa mle ndani, kitovu chake kilizikwa pale. Alisimama, akajifunga kanga upya kiunoni, akamtazama kaka yake aliyekuwa bado amesimama.

"Sina, mheshimiwa. Aliyoyasema kaka ndiyo hayo."

Hukumu ilisomwa baada ya wiki chache. Balozi hakuwa na mamlaka ya kugawa ardhi, kwa hiyo hakumpa kitu, kwa hiyo maneno ya mzee jirani yalibaki bila kupingwa. Shangazi aliruhusiwa kuvuna mahindi yaliyokuwa shambani, baada ya hapo akabidhi. Ilikuwa hukumu nzuri kisheria. Ningekuwa mimi hakimu, kwa ushahidi ule, ningeandika vilevile, na hilo ndilo lililonifanya nilie njia nzima kutoka mjini, bila aibu, watu wa baiskeli wananipisha.

Jioni ileile nilikwenda kwa shangazi nikiwa nimefura. Hata shikamoo niliitoa kwa kuirusha. Nilimwambia kuna rufaa, muda upo, aende akaseme ukweli kwamba shamba lilikuwa la baba yao na shahidi alikosea. Nitamwandikia sababu mimi mwenyewe. Alikuwa anachambua majani ya maboga, anayamenya nyuzi zake polepole, hakunikatiza.

"Niseme alikosea?"

"Ndiyo."

"Yeye alishaapa. Mimi nikisema vingine, si nimesema ameidanganya Biblia?"

"Shangazi, ni shamba lako! Utakula nini?"

"Nitakodi, nitalima vibarua. Nilishawahi kulima vibarua." Akaweka jani moja kwenye ungo. "Mwanangu, wewe ulikuwa umekaa nyuma. Mimi nilikuwa mbele, nilimwona uso. Watu wamemcheka kaka yangu, mtu ambaye wote wale walikuwa wanambishia hodi. Na mimi niinuke pale, mdogo wake, nimmalizie? Akitoka hapo akakae wapi?"

Nilikuwa na kifungu, nilikuwa na muda wa rufaa, hoja zote zilikuwa kichwani zimepangwa, nami nikakaa chini nikamsaidia kumenya majani. Kabla sijaondoka aliniambia nisije nikamwambia baba kwamba kumtaja babu kungeliokoa shamba. Nikamwambia nilishamwambia kabla ya kesi. Akasema basi nisimwambie tena. Muda wa rufaa ukapita.

Mahindi yalipokauka tulikwenda kuvuna, shangazi na watoto wake, na mimi. Hatukumwita baba. Tangu hukumu alikuwa hatoki, waliokuja na ugomvi wao alikuwa akiwaelekeza ofisi ya kata na kurudi ndani. Lakini jua lilipoanza kuchoma tulimwona anavuka kijito na kikapu, amevaa viatu vya mpira, akaingia mstari wa pembeni akaanza kuvunja mahindi bila kumsalimu mtu. Alivunja mstari ule akamaliza, akaanza uliofuata, mpaka akakutana na shangazi katikati ya shamba.

"Dada," alisema. "Nisamehe."

Ndiyo mara pekee katika maisha yangu niliyomsikia mkubwa akimwomba mdogo msamaha, na alimwomba mbele yetu sote. Shangazi aliliweka chini hindi alilokuwa ameshika.

"Nikusamehe nini, kaka? Si ulinipa?"

Baba alitazama chini, akasogea kwenye shina jingine, akavunja hindi, likamponyoka. Shangazi akaliokota, akalitia kwenye kikapu cha kaka yake, wakaendelea.