Viluwiluwi katika Mitungi ya Mwavita

KINDU, kiangazi cha 1899 — Alfajiri, mitumbwi ya kwanza ya Wagenya, wavuvi wa mtoni, inapokata Lualaba kwenda ng'ambo, Mwavita ameinama uani kwake na kuishika shingo ya kasiki, mtungi mkubwa wa kutulizia maji, kwa mikono miwili. Anaisukuma. Maji yanatoka kwa kishindo, yanampita miguuni na kuelekea migombani.

Ndani ya maji hayo vinajipindapinda viluwiluwi, vijidudu vile vyembamba ambavyo baadaye huota mbawa na kuwa mbu. Mwavita anavitazama vikitapatapa juu ya udongo. Anajifuta mikono na kwenda kwenye kasiki ya pili.

Mwavita ni mchota maji. Alizaliwa upande wa Pangi, akaletwa Kindu akiwa msichana, katika msafara ambao hapendi kuusimulia. Tangu afiwe na mume anaishi kwa nguvu za kichwa chake na ngata yake. Ana nyumba tisa anazozipelekea maji, na kila nyumba humpa kete moja ya ushanga, yaani uzi mmoja uliotungwa, kwa juma. Mwezi ukiwa mwema hubadilisha ushanga huo akapata chumvi, mafuta ya mawese na upande mmoja wa kitambaa cha merikani. Mwezi ukiwa mbaya hupata chumvi.

Si kazi ya kumtajirisha mtu. Lakini ilikuwa na sifa yake, na Mwavita hakuficha kwamba aliringa nayo.

Maji ya Lualaba huja na tope. Wachotaji wengine huyauza hivyo hivyo, mnunuzi akajua mwenyewe la kufanya. Mwavita huyaacha katika kasiki siku kadhaa mpaka yatulie na kung'aa, ndipo huyahamishia mtungini. Katika kutulia huko, viluwiluwi huzaliwa. Mgeni angevichuja. Watu wa Kindu walivitafuta.

Desturi hiyo ilianza miaka ya vita vya Wazungu na Waarabu, wakati mtu hakumwamini hata ndugu yake. Ilisemwa fulani ametiliwa sumu mtungini, kesho yake ikasemwa fulani mwingine naye. Ni ngapi kati ya habari hizo zilikuwa kweli, hakuna anayejua. Hofu ndiyo iliyokuwa kweli.

“Muntu alikuwa anaangalia mutungi kwanza,” anaeleza Mwavita. “Akiona madudu inacheza, anasema hii njo maji ya muzuri, haiko na sumu. Akiona maji imenyamaza, anaogopa. Kuko mama mumoja alinirudishia mutungi muzima, sababu hamukukuwa dudu hata moja. Nililia njia yote.”

Ni nani huyo? Anatikisa kichwa. Jina hataki kulitaja.

Tangu siku hiyo alihakikisha. Mtungi ukiwa mweupe mno, alichota viluwiluwi kwa kibuyu na kuvitia mbele ya macho ya mwenye nyumba, kama mpishi anavyotia chumvi. Watu walifurahi. Wengine walimsifu kwa wageni wao.

Kisha yakaja magazeti.

Miezi miwili iliyopita msafara kutoka Ujiji ulileta, ndani ya robota la nguo, fungu la magazeti makuukuu. Yalimfikia Musafiri, karani wa tajiri mmoja wa pembe za ndovu, ambaye husoma lugha tatu na hakosi kuwakumbusha watu hivyo. Jioni ile alikaa barazani kwake, akawatafsiria wanaume wa mtaa maajabu ya elimu ya mwaka wa 1898.

Na mwaka huo ulikuwa na mambo. Mjini London wataalamu wameipoza hewa hata ikawa kimiminiko, wakakuta ndani yake gesi ambazo hakuna aliyejua kwamba tunazivuta kila siku. Masudi, mshona kanzu, akauliza kama sasa zitatozwa ushuru. Mjini Berlin imeonekana nyota ndogo ambayo njia yake huifikisha karibu nasi kuliko sayari yoyote. Masudi akasema isije ikaangukia cherehani yake. Mjini Paris mume na mke wametangaza madini mapya yanayotoa miali bila kuwashwa moto. Masudi akaomba aletewe kipande, ashonee usiku.

Baraza lilicheka mpaka kahawa ikapoa.

Halafu Musafiri akafika kwenye mbu. Daktari mmoja wa Kiingereza, huko Bara Hindi, alikuwa amekwisha kukiona kijidudu cha homa ndani ya mbu mwaka uliotangulia. Mwaka wa 1898 akaonyesha, kwa ndege, jinsi mbu anavyokibeba kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kabla mwaka haujaisha, wataalamu wa Italia wakaonyesha kwamba kwa binadamu ni vivyo hivyo. Homa haitokani na hewa mbaya ya mabwawa. Inaletwa na mbu, na mbu huzaliwa katika maji yaliyosimama.

Hapo Masudi akaweka kikombe chake chini bila kutania. Na kwa bahati mbaya, wakati huohuo Mwavita alikuwa akipita njiani, mtungi kichwani.

“Wote walinyamaza,” anakumbuka. “Nikasema ndani ya roho, leo wananipa heshima. Nikawaamkia. Hawakuitika muzuri. Nikaenda zangu, nikiringa.”

Anajifunika uso kwa upindo wa nguo yake.

Kwa miezi miwili hakuna aliyemwambia. Mji mzima ulinong'ona, naye akaendelea kupita mlango hadi mlango na kibuyu chake, akitia viluwiluwi na kungoja kusifiwa. Mwandishi amewauliza watu kadhaa kwa nini walinyamaza. Wanasema walimwonea haya. Huenda ni kweli, ila haya ya namna hiyo ilimwachia yeye mzigo wote, na wanaolisema hilo hulisema wakitazama chini.

Juma lililopita Musafiri alishindwa kuvumilia.

“Nilikuwa natia madudu mbele yake,” anasema Mwavita. “Akanishika mukono. Akasema, ‘Mama, kuanzia leo usinitilie.’ Nikamuuliza, nimekukosea nini? Njo akanisomea.”

Kilichomwumiza si kazi yake kuharibika, bali Jamila.

Jamila alikuwa mtoto wa Hadidja, msuka mikeka anayekaa karibu na msikiti. Mtoto huyo alikuwa akimpokea Mwavita mlangoni na kuinamia mtungi, avipe viluwiluwi majina kabla maji hayajamiminwa. Mvua zilizopita alishikwa na homa. Hakumaliza juma.

“Miye njo nilileta maji yake ya kunywa, na miye njo nilileta maji ya kumuosha maiti,” anasema Mwavita. “Sasa mama yake nitamuangalia na macho gani?”

Musafiri amejaribu kumtuliza. Gazeti, anasema, halimlaumu kila mbu. Linataja mbu mwenye madoa kwenye mbawa, naye hupenda zaidi madimbwi ya nje. Huenda viluwiluwi vya mitungini ni vya aina nyingine. Huenda Jamila aliumwa na mbu wa mtoni, kama wengi waliomtangulia. Mwandishi wa habari hii si daktari na hawezi kuapa upande wowote.

Mwavita anasikiliza maneno hayo kwa adabu.

“Karani ni muntu muzuri,” anasema. “Lakini yeye mwenyewe amefunika mutungi yake.”

Mtungi wa Musafiri umefunikwa kwa kitambaa cheupe, tena kimefungwa kwa kamba.

Kasiki zote zikiwa tupu, Mwavita anazisugua kwa mchanga na majivu, halafu anajitwika mtungi mmoja wa maji aliyochota leo hii, wenye tope bado. Ameapa kwamba Hadidja atayasikia haya kutoka kinywani mwake, hata kama atafukuzwa. Mwandishi anamfuata nyuma. Njiani Mwavita anasimama mara kwa mara kurekebisha ngata ambayo imekaa sawasawa.

“Hodi, Mama Jamila.”

Jina hilo linamtoka kwa mazoea. Anauma mdomo, lakini limekwisha kutoka.

Hadidja anatokea na ukindu mkononi. Ni mwanamke mrefu, mkimya. Anautazama mtungi, anamtazama mwandishi aliye nyuma, anakunja mkeka ili wapite.

“Karibu, dada. Leo umechelewa.”

“Sikuleta maji ya kuuza,” anasema Mwavita. Hakai. “Nimekuja kumwaga ile iko ndani ya nyumba yako. Kuko neno nataka kukuambia, na ukitaka kunitukana, nitukane, sitajibu.”

Anasema yote: kasiki, viluwiluwi, mbu, homa. Anayasema haraka, akiutazama ukindu badala ya uso wa mwenzake. Anapofika kwa Jamila anapiga magoti.

Hadidja hamwinui. Anakaa chini naye.

“Mutungi yangu haiko na kitu,” anasema kwa upole. “Nenda uangalie.”

Ni kweli. Mtungi wa Hadidja ni mkavu hadi kitako. Mwavita anaupapasa ndani kwa mkono, kama asiyeamini. Mlango wa nyuma uko wazi, na kupitia hapo anaona kitu ambacho kiangazi cha Kindu hakikipi mtu bure: tuta zima la lenga-lenga, mchicha wa huko, majani mabichi, mapana, yamesimama mahali ambapo nyasi zote za jirani zimekauka.

Mwavita ni mchota maji. Hahitaji kuelezwa maji yake yalikokwenda.

“Tangu lini?” anauliza.

“Tangu gazeti isomwe. Masudi aliniambia usiku uleule.”

“Na ushanga ulikuwa unanipa. Kila juma.”

“Ningekuambia nini, dada?” Hadidja anashika ukindu wake na kuuachia. “Wewe ulikuwa unaleta tu. Unakumbuka ule mutungi ulirudishwa, kwa sababu hamukukuwa dudu? Nani aliurudisha?”

Mwavita anautazama mtungi mkavu. Hata sasa jina hataki kulitaja.

“Miye njo niliurudisha,” anasema Hadidja. “Nilikufukuza hapa mulangoni, na Jamila iko anasikia. Njo ikawa kila siku anaangalia kama madudu iko. Kila usiku naisikia ile sauti yangu. Ningeanza wapi kukulaumu?”

Wanawake wawili wanabaki sakafuni, kila mmoja akitazama upande wake. Hakuna anayelia. Mwandishi anatoka nje, kwa kuwa hapo hana kazi.

Mwavita anapotoka baadaye, kichwani hana mtungi. Mikononi ana fungu la lenga-lenga lililofungwa kwa ukindu. Anasema alilikataa, na Hadidja akamwambia alichukue, kwani limekua kwa maji yake. Analishika mbali na mwili, kama kitu kitakachomchafua nguo.

Mpango wake ni huu. Hataacha kazi. Atachota kila siku na kupeleka siku hiyohiyo, na wanaotaka maji yaliyotulia watayatuliza wenyewe chini ya kifuniko. Hadidja amejitolea kusuka vifuniko vya ukindu, kimoja kwa kila nyumba, bila malipo. Mwavita anatumaini kwamba mvua zikirudi watu watavizoea, na kwamba siku moja mtungi ulionyamaza hautamtisha mtu tena Kindu.

Lakini kabla ya hapo kuna milango saba iliyobaki, na maneno yaleyale ya kusema kwa kila mmoja. Kesho ataanza kwa Mama Sudi, mwenye wajukuu wanne.

Je, huenda Mama Sudi naye anajua, kama Hadidja alivyojua?

Mwavita analihamishia fungu la lenga-lenga kwenye mkono wa pili.

“Tumepita nyuma ya nyumba yake sasa hivi,” anasema. “Udongo iko mukavu. Maji yangu yote iko bado ndani.”