Winga Aliyemkimbia Mama Yangu

Nilirudi Elisabethville, mji ambao sisi nyumbani tuliuita Lubumbashi tangu zamani, wakati Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na bendera yake mpya ilining'inia hata juu ya milango ya baa. Nilikuwa na diploma ya elimu ya viungo kutoka Ubelgiji. Naisema mapema kwa sababu hata wakati ule niliisema mapema. Nilimwambia askari wa kizuizi kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Luano, ambaye alikuwa ameniomba kitambulisho tu. Hakuna misheni iliyonipeleka Ulaya wala kampuni. Nilijipeleka mwenyewe, nikaosha sahani za watu mchana na kusoma usiku. Nilikuwa na haki ya kujivuna, na haki hiyo niliitumia yote hadi ikaisha, kisha nikaendelea bila haki.

Siasa za siku zile ziliwarudisha wachezaji wengi makwao, na timu kubwa ya mji ikabaki na mapengo. Ikatangaza kwamba itamchukua mtu mmoja, mmoja tu, kutoka timu ya mtaa wetu wa Kamalondo, iliyocheza daraja la chini kwenye uwanja wa vumbi jekundu. Atakayechukuliwa angepewa kazi ya karakana na nyumba. Rais wa timu yetu, fundi wa kushona nguo, alikuja kwangu na kofia mkononi.

"Monsieur, miguu yao tunaiyua. Weye utuangalilie roho zao."

Nilimjibu kwamba hangeweza kumpata mtu bora kuliko mimi. Ubelgiji tulikuwa tumefundishwa kuwa mwili wa mchezaji hausemi uongo: shingo, mabega, mikono, macho baada ya kosa. Nikachora daftari lenye safu kwa kila kiungo. Jumapili ya kwanza nilimchukua mama yangu anishuhudie nikifanya kazi. Nilimbebea kiti cha sebuleni mtaa mzima, nikakiweka mbele ya watu wote, karibu kabisa na mstari wa pembeni, nami nikasimama kando yake katika koti langu la sufu, jua likiniunguza.

Golikipa alijikuna sana, nikaandika "wasiwasi". Beki mmoja alishika kiuno. Nikaandika "amechoka na maisha". Lakini aliyenishughulisha ni winga wa kulia. Kila mtu alisema ndiye bora. Kipindi cha kwanza upande wa kulia ulikuwa upande wetu, na kijana yule hakuukaribia mstari hata mara moja. Mpira ukija kwetu, aliuacha utoke. Mara moja rafu ilimsukuma hadi hatua chache kutoka kwenye kiti cha mama. Akainuka, akageuza uso, akakimbia ameinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Mama naye alijifunika uso kwa kitambaa. Nilidhani ni vumbi.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande, winga akawa upande wa mbali. Huko alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Jumapili mbili zilizofuata nilimrudisha mama kwenye kiti kile kile, na mambo yalikuwa yale yale. Nikaandika: "Anadharau. Akiwa mbele ya mtu aliyesoma hujificha. Akiwa mbali naye hujionyesha. Hafai." Nilimpendekeza beki aliyechoka na maisha, nikampa fundi karatasi. Fundi aliisoma, akaniangalia, akaikunja polepole.

"Basi, Monsieur. Ni weye umesema."

Nilichukulia kwamba jibu lile fupi ni heshima.

Nyumbani nilisimulia hukumu yangu mezani. Dada yangu mdogo aliweka kijiko chini, akatoka. Mama hakutoka.

"Ule winga, unayua iko nani?"

"Mchezaji mwenye tabia mbaya."

"Iko bwana wa dada yako! Balikuja kumuposa wakati ulikuwa kule Bulaya. Tunangojea tu apate kazi na nyumba. Nilikuambia siku ulifika. Ulikuwa unaongea tu mambo ya treni ya Bruxelles."

Kweli, nilikuwa nikiongea mambo ya treni.

"Na mimi mama mukwe wake," aliendelea, "unaniweka pale mbele, juu ya kiti! Mutoto wa batu atapita wapi? Atanikanyaga?"

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawakaribiani. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Diploma haikulifuta. Mimi ndiye niliyelirusha nje ili diploma ikae vizuri.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi. Wanakamati wa timu walikuwa wamekaa kati ya cherehani.

"Tulifikiri unakataa ndoa," alisema fundi. "Mambo ya familia. Tukanyamaza."

Nakiri kwamba nilisita. Kuonekana shemeji mkali kulikuwa na hadhi zaidi kuliko kuonekana mtaalamu asiyeona. Ningeweza kuondoka na hadhi hiyo, na dada yangu angeendelea kungoja.

"Sikujua," nilisema. "Sikuelewa kitu."

Mzee mmoja alicheka mpaka akashika cherehani. "Bote tulielewa, hata mbuzi ya pale uwanjani! Monsieur peke yake!"

Barua ya pili kwa timu kubwa niliiandika mwenyewe. Katika rasimu ya kwanza nililaumu jua. Katika ya pili nililaumu vumbi. Ya tatu ndiyo niliyoipeleka, na katibu wao aliisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, tena mara mbili. Wakakubali kumtazama winga Jumapili.

Jumamosi mshenga wake alikuja na ujumbe. "Anasema aksanti sana. Anaomba kesho mama abaki nyumbani." Akakohoa. "Na yaya pia." Yaya, yaani kaka mkubwa, ni mimi.

Tulibaki, mama akichambua mboga, mimi nikiwa dirishani. Jua lilipopungua nilimwona dada yangu anakuja kutoka uwanjani, viatu mkononi, anakimbia.

"Amechukuliwa," nilimwambia mama. "Tazama mabega yake, tazama anavyo—"

"Nyamaza," alisema mama. "Ngoja aseme yeye mwenyewe."

Nikanyamaza. Dada aliingia, akashika mlango, pumzi zikimkatika, na sisi wawili tukangoja.

"Bamemuchukua," alisema.