Sikutaka Mchezo Ufungwe

Majirani, nabandika haya mlangoni pa ukumbi kabla hamjayasikia yamegeuzwa.

Leo mchana hapa Pumwani vijana walicheza kichekesho. Okello, jirani yangu, alivaa kanzu na ndevu za pamba, akawa mwalimu wa madrasa anayeiba kuku. "Waislamu ndivyo walivyo," akasema. Watu wakacheka.

Mume wangu ni mwalimu wa madrasa.

Nikasimama. Msimamizi wa ukumbi akanijia mbio. "Mama Zuhura, niufunge mchezo?"

Nikamwambia hapana. "Ukimziba mdomo Okello leo, kesho utaniziba mimi. Nipishe nipande."

Nikapanda jukwaani, na buibui langu.

"Okello mwanangu, ulipougua, aliyekubeba mgongoni hadi hospitali ni mwalimu wa madrasa. Igiza na hilo."

Okello akabandua ndevu, macho chini.

"Pole, Mama. Lakini kesho bado nitacheza."

"Cheza. Na mimi nitapanda kukujibu."

Wapo wanaosema mwanamke wa Kiislamu hapandi jukwaani. Sawa, semeni. Ila njooni mniambie usoni, nipo barazani kwangu.