Nembo Iliyopanda Darini

Ndugu zangu, tangu jana nimejifungia ndani kwa aibu. Mimi ni mchapa fulana hapa Ifakara, na kampuni mpya ya reli ilituita ukumbini tuione nembo yake. Kazi ya kuchapa sare zao nilikuwa naitaka kufa na kupona.

Mtaalamu wao kutoka mjini akaimulika nembo ukutani. Akatueleza kuwa reli za kisasa hazichori tena treni, zinachora mwendo tu. Mimi nikaona mistari miwili ya kijani, na juu yake mjusi. Nikasimama mbio. Kijana ana umri wa mwanangu, lakini nilimwamkia mimi.

"Shikamoo mtaalamu! Huyo mjusi mmepatia. Ameng'ang'ania ukuta kama treni inavyong'ang'ania reli. Na mkia mmeukata makusudi, kuonyesha safari zitakuwa fupi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama mmoja muuza mchele kutoka Katindiuka akaongeza, "Hata macho yanang'aa!"

Mtaalamu akageuka kutazama ukutani. Mjusi akadaka mdudu, akapanda zake darini.

"Mzee wangu," kijana akaniambia kwa upole, "nembo yetu ni hiyo mistari iliyobaki."