Njia ya Mtoni

Wanzagi hakuwa mtu wa ubishi. Maofisa walipokuja kijijini kwake, pembeni mwa Bunda, kusimika bikoni, nguzo za zege za mpaka wa hifadhi, na kutenga malisho mapya upande wa mlimani, yeye mwenyewe aliwachanganyia zege. Ila alimwuliza afisa ardhi, Bwana Isidori, neno moja.

"Mheshimiwa, nyasi tumeziona. Maji je?"

"Bwawa litachimbwa, mzee wangu. Limo kwenye mpango."

"Sisi tunanyweshaga mtoni."

"Mto sasa uko ndani ya hifadhi. Dhibiti mifugo yako."

Kiangazi kikafika, bwawa halikufika. Na shida yote ikaonekana ni Bibi, ng'ombe mweusi mzee aliyekuwa akilitangulia kundi. Kila adhuhuri, kiu ikibana, Bibi aliinua pua, akashika njia ya mtoni, na wenzake nyuma. Askari wa hifadhi waliwakamata wakawafungia. Wanzagi aliwapata baada ya kubembeleza sana, mbavu nje, wengine wameshakufa. Akaonywa: wakivuka tena, hawarudi.

"Muuze huyo ajuza," jirani yake Nyamhanga alimwambia. "Hajui kuzisoma bikoni! Ama kweli una wake wawili, mmoja ana mapembe."

Wegesa, mkewe Wanzagi, hakucheka. Maziwa ya Bibi ndiyo yaliyowakuza watoto wake wote. Mume na mke walipiga magoti wakamwomba Mungu msamaha kwa kumtoa kiumbe asiye na kosa, kisha Wanzagi akampeleka mnadani.

Kesho yake aliswaga kundi mlimani. Walitafuna majani makavu, wakasimama juani wakihema. Hakuna aliyeondoka. Wanzagi akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Jua lilipofika utosini, mtamba mmoja, ambaye hajawahi kutangulia popote, akainua pua. Akateremka. Wote wakamfuata. Wanzagi alikimbia mbele, akatanua mikono, akapiga fimbo hadi ikakatika. Wakampita kushoto na kulia kana kwamba ni kisiki. Kumbe miaka yote hawakuwa wakimfuata Bibi. Walikuwa wakifuata maji.

Alipofika kwenye bikoni, wa mwisho alikuwa ameshavuka. Ng'ambo, vumbi la gari la askari lilikuwa likija. Alianza kusali, akaacha. Akabaki anawaita kwa majina, mmoja mmoja, na hakuna aliyegeuka.